Baiskeli Zilizoilisha Ufipa

Watu wakizungumzia miaka ya uhaba, 1982, 1983 na 1984, hutaja foleni za sabuni na sukari, duka la kijiji lenye rafu tupu, na ile kampeni ya kupambana na wahujumu uchumi iliyosimamiwa na Edward Sokoine. Mimi nikiitwa kutoa ushahidi wa miaka ile nitataja baiskeli. Nilikuwa kijana wa Sumbawanga, nimemaliza darasa la saba, nguvu ninazo na ajira sina. Kila kiangazi nilishusha maharage na unga bondeni, nikapandisha samaki wa Ziwa Rukwa. Niliona mji mzima ukila kitoweo kilichopandishwa mlimani kwa mikono ya watu, juu ya magurudumu mawili. Wengi wa waliofanya kazi hiyo wameshatangulia mbele ya haki, na waliobaki hawapendi kujisifu, kama ilivyo desturi ya Wafipa. Naona ni haki yao isemwe.

Ufipa ni uwanda wa juu uliokaa kati ya maziwa mawili. Magharibi liko Tanganyika, mashariki liko Rukwa, na yote mawili yako chini sana, kwenye mita 770 hadi 800 hivi kutoka usawa wa bahari. Mji wa Sumbawanga uko kwenye mita 1,800, na safu ya Mbizi nyuma yake inapita mita 2,400. Kwa hiyo mwendesha baiskeli akishika njia ya Laela au ya Namanyere atabaki juu, akipanda na kushuka vilima visivyokwisha. Akielekea ziwa lolote kati ya hayo mawili, lazima ateremke kiasi cha mita 1,000, na alichokiteremka asubuhi ndicho atakachokipanda akirudi. Hatukuwa na ramani wala gia. Njia tuliijua kwa mahali pa maji, mahali pa kivuli, na mahali upepo unapokukuta.

Upepo una habari zake. Kuanzia Mei hadi Septemba unavuma kutoka kusini mashariki, na kwa kuwa uwanda ni nyasi tupu na miti ni ya kuhesabu, hakuna cha kuuzuia. Njia ya Laela inaelekea huko huko unakotoka. Mtu aliyechelewa kuamka alikuwa akikanyaga pedali kuanzia saa tatu asubuhi bila kuona kijiji kikisogea, na hata mteremkoni alilazimika kukanyaga. Ya Namanyere ni kinyume chake: kwenda unasukumwa mgongoni, kurudi ndiko kwenye kazi, tena umechoka na mzigo ni mzito. Mjomba wangu, aliyenifundisha kazi hii, alikuwa akinigongea mlango saa tisa za usiku. "Amka mpwa wangu, upepo bado umelala." Tukitoka saa hiyo, Juni au Julai, baridi ilikuwa ya kuuma vidole, tulivaa soksi mikononi kwa kuwa glavu hazikuwepo.

Baiskeli yenyewe ilikuwa Phoenix ya China, nyeusi, ya ringi namba 28, breki zake za vyuma vya kuvuta. Wengine walikuwa na Raleigh walizorithi kwa baba zao, wengine Swala zilizotengenezwa hapa hapa Tanzania. Ikitoka dukani ilikuwa bado haijawa baiskeli ya mlima. Fundi aliing'oa kariya ya kiwandani, akachomelea nyingine ya nondo. Akaongeza vyuma viwili vya kuimarisha foku ya mbele. Madigadi yaliondolewa, maana matope ya masika hujaa humo na kulizuia gurudumu lisizunguke. Kisha tairi. Tairi jipya lilikuwa adimu kuliko sukari, kwa hiyo lililochanika lilishonwa kwa uzi wa nailoni, ndani likawekewa kipande cha tairi kuukuu, likaendelea na kazi. Tyubu ikikosekana kabisa tulijaza nyasi kavu ndani ya tairi, tukazishindilia kwa kijiti mpaka likawa gumu. Baiskeli ya namna hiyo inamtikisa mtu hadi meno, lakini inafika.

Safari niliyoijua kuliko zote ni ya Muze, chini bondeni. Unatoka mjini giza likiwa bado nene, unapanda kuelekea Mbizi ukisukuma, na kunapopambazuka uko kwenye ukingo wa msitu. Msitu ule ni wa pekee. Uwanda mzima ni nyasi, halafu ghafla unaingia chini ya miti mirefu yenye kuvu na ukungu, na juu yako mbega wekundu wanaruka tawi hadi tawi wakikulalamikia. Chemchemi za humo ndizo zinazounywesha mji. Mjomba alikuwa haruhusu mtu anawe miguu kwenye chemchemi. Unakinga maji kwa kopo, unasogea pembeni, unanawa huko. Siku hizi msitu huo ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na nafurahi kwamba sheria imekuja kusema kile ambacho wazee walikuwa wakikisema.

Ukitoka msituni, ardhi inakatika. Unasimama juu ya ukingo ambao wenyeji wanauita Lyamba lya Mfipa, na chini yako kuna bonde lote la Rukwa: mashamba, mito iliyokauka, na kwa mbali ziwa jeupe lisilo na mto unaotoka. Mwaka 1880 Mskoti Joseph Thomson alipita Ufipa enzi za utawala wa Mwene Kapufi, akaliona ziwa hilo kutoka kwenye milima hii, akalipa jina la Leopold, mfalme wa Wabelgiji. Jina halikudumu. Watu wa huku walikuwa wamelivua zamani sana kabla yake, na njia za kulishukia zilikuwepo: samaki na chumvi vikipanda, ulezi na majembe ya chuma vikishuka. Sisi na Phoenix zetu tulipita palepale walipopita waliobeba kichwani.

Kushuka ndiko kulikotaka akili. Breki za vyuma zinashika ringi kwa vipande vidogo vya mpira, na kwenye mteremko ule mpira huisha kabla hujafika katikati. Tulikata vipande vya tairi la gari tukavifunga mahali pake. Hata hivyo mtu mwenye mzigo hakuzitegemea breki peke yake. Alikata tawi lenye majani mengi, akalifunga kwa kamba nyuma ya kariya, akaliburuza; tawi lilikamata ardhi na kupunguza kasi, na vumbi lake likawaonya waliokuwa chini kwamba kuna mtu anakuja. Kwenye kona kali tulishuka tukatembea. Ringi zilikuwa zikipata moto hadi ukizitemea mate yanachemka, na hapo ilikuwa lazima kupumzika, vinginevyo kiraka cha tyubu kinabanduka kwa joto la ringi.

Joto la bonde linakupokea kabla hujafika chini. Ulikotoka ulivaa soksi mikononi. Muze unavua shati. Kutoka hapo tulizunguka chini ya ukingo, tambarare, mchanga mzito, kuelekea kambi za wavuvi. Huko kulikuwa na magege na kambale, waliobanikwa kwa moshi mpaka wakawa wekundu na wakavu. Biashara nyingi ilikuwa ya kubadilishana, maana fedha ilikuwa haina cha kununua. Debe la maharage ya juu kwa samaki wa chini. Sabuni iliyopatikana upande wa Zambia ilikuwa na thamani kuliko noti yoyote. Tuliwapanga samaki kwenye matenga, vichwa ndani na mikia nje, tenga moja kila upande wa gurudumu la nyuma na moja juu, tukafunga kwa mipira iliyokatwa kutoka kwenye tyubu za lori. Mzigo ukifungwa vibaya unaivuta baiskeli kushoto au kulia mlima mzima, na hakuna nguvu inayoweza kurekebisha jambo hilo njiani.

Kupanda tulipanda usiku, kwa sababu ya jua. Tulikwenda watatu watatu au zaidi. Fimbo ndefu ilifungwa kwenye usukani ili anayesukuma aweze kuuelekeza akiwa nyuma, na nyingine ilisimamishwa nyuma ya kiti aishike kwa mkono wa kulia. Mtu mmoja hawezi kupandisha baiskeli yenye matenga matatu kwenye kona zile, kwa hiyo tulipandisha moja moja, wawili wakisukuma na wa tatu akitembea na jiwe mkononi. Wakisimama kupumua anaweka jiwe nyuma ya gurudumu. Ikifika mahali pa tambarare inaegeshwa, wanarudi chini kuifuata ya pili, kisha ya tatu. Kila mlima tuliupanda mara tatu na kuushuka mara mbili. Kazi ya jiwe alipewa aliyechoka kuliko wenzake, na hakuna aliyeulizwa kama amechoka. Mjomba aliangalia tu jinsi mtu anavyotembea, akamkabidhi jiwe.

Nilisema natoa ushahidi, kwa hiyo nieleze na usiku mmoja wa mwaka 1984. Tulikuwa tunashuka, siyo kupanda, na mwenzetu mmoja, kijana wa umri wangu, alikuwa mbele. Pini inayoshikilia chuma cha breki ya mbele ilidondoka. Tulisikia kengele yake ikilia mfululizo, akituonya au akiwaonya walioko chini, kisha ikanyamaza. Tulimkuta chini ya kona, mguu umevunjika juu ya goti, fahamu anazo. Hapakuwa na gari juu wala chini. Mjomba akaamuru mizigo yote ishushwe na iachwe pale pale, maharage na unga, njiani. Akachukua baiskeli mbili akazisimamisha sambamba, akakata miti miwili, akaifunga kukingama juu ya kariya na tena juu ya usukani, akatandika magunia na mablanketi. Mguu ukafungwa kwa spoku za akiba zilizowekwa pamoja na kuzungushiwa kitambaa. Tukampandisha. Baiskeli mbili zilizofungwa pamoja hazikati kona. Kila kona ilibidi tunyanyue nyuma zote mbili kwa pamoja na kuzisogeza pembeni. Watu waliokuwa wanapanda na samaki waliegesha baiskeli zao wakatusaidia bila kuulizwa, na watu wa kijiji cha juu walitujia na taa za chemli. Jua lilitukuta msituni Mbizi, na adhuhuri alikuwa hospitali mjini. Tulirudi kufuata mizigo yetu siku ya pili. Ilikuwa palepale, imesogezwa kando ya njia na kufunikwa majani dhidi ya umande, na hakuna hata kilo iliyopungua, katika mwaka ambao unga ulikuwa unatafutwa kwa tochi.

Kijana yule alipona. Aliendelea kuchechemea, akaacha milima akafungua kibanda cha ufundi sokoni, na kwa miaka mingi hakuna baiskeli ya kwenda bondeni iliyoondoka bila yeye kuangalia pini za breki, bure.

Mjini samaki waligawanyika. Wengine waliishia soko la Sumbawanga, wengine walichukuliwa na waendesha baiskeli wengine waliojua njia za juu, wakaenda nao Mpui, Laela, Matai, Chala. Mtandao huo haukuwa na ofisi wala mwenyekiti. Wakati huo huo Mkoa wa Rukwa ulikuwa unahesabiwa miongoni mwa mikoa minne mikubwa kwa mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Bei ya serikali haikupungua kwa umbali, kwa hiyo mkulima wa Ufipa alilima sana ingawa soko lilikuwa mbali mno. Nakumbuka magunia yaliyolundikwa nje, yamefunikwa turubai, yakisubiri malori ya kuyapeleka Tunduma kwenye reli ya TAZARA, zaidi ya kilometa 220 za barabara ya udongo ambayo masika hugeuka tope. Malori hayakuwa na matairi, yenye matairi hayakuwa na dizeli. Nafaka ya tani na tani ilikaa, na samaki wa matenga matatu alifika. Nimelifikiria jambo hilo maisha yangu yote, na bado naamini kwamba mkoa huu ungepangiwa usafiri kuanzia kwenye kile kilichokuwa kinatembea, tungeokoa mahindi mengi.

Njia za juu zilikuwa na mengine. Upande wa Nkasi, ukitoka Chala, ulikuwa unakutana na malungu, zile tanuri ndefu za udongo ambazo mababu walitumia kuyeyushia chuma. Zilisimama porini zikiwa zimemzidi mtu kimo, nyingine zimebomoka nusu. Tanuri hizo hazikuhitaji mivukuto. Zilijengwa ndefu na kutobolewa matundu chini ili zivute hewa zenyewe, na mivukuto ilikuja baadaye kwenye tanuri ndogo ya kusafishia chuma. Mjomba alikuwa akisimama hapo kila mara, akipiga makofi taratibu kama mtu anayemwamkia mkubwa wake, ndipo tunaendelea. Vijijini tuliamkiwa vivyo hivyo, kwa makofi ya chinichini na magoti kukunjwa, na mgeni wa baiskeli hakuachwa apite bila kuketi. Ukifika jioni unakuta kimpumu, pombe ya ulezi, chunguni, maji ya moto yakiongezwa na mrija ukipokezanwa.

Upande wa Matai ni njia ya Kasanga, kilometa 112 kutoka Sumbawanga hadi bandarini kwenye Ziwa Tanganyika, ambako meli ya Liemba ilikuwa ikitia nanga. Wajerumani waliita mahali hapo Bismarckburg. Wenzetu wa njia hiyo walipandisha dagaa na migebuka, na wao walikuwa wakituringia kwamba mteremko wao ni mrefu zaidi. Mimi niliipita kwa ajili ya kuona tu, nikaenda hadi maporomoko ya Kalambo mpakani, ambako mto unaanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja na makorongo wakubwa wanatagia kwenye miamba. Wanaakiolojia waliochimba juu ya maporomoko, upande wa Zambia, walitangaza mwaka 2023 magogo yaliyochongwa na kuunganishwa na binadamu wa kale miaka 476,000 hivi iliyopita. Niliposoma habari hiyo nilikaa kimya kwa muda, nikiwaza watu hao na mizigo yao.

Baada ya 1985, biashara ilipofunguliwa, bidhaa zilirudi, malori yakapata matairi, na kazi yetu ikapungua msimu hadi msimu. Mjomba aliendelea hadi magoti yalipomkatalia. Miaka ya 2010 lami ikafika kutoka Tunduma, sehemu ya fedha zake ikiwa msaada wa Marekani, na safari iliyokuwa ya siku mbili au tatu masika ikawa ya saa chache. Kisha bodaboda zikaenea hadi Muze. Sililii hilo, mama mjamzito wa bondeni leo anafika hospitali haraka, na hakuna anayepaswa kufungwa juu ya baiskeli mbili. Nasikia Burundi vijana bado wanateremka na ndizi kutoka Bugarama hadi Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika letu hili hili, na kupanda wakiwa wameshikilia malori kwa mkono. Nikisikia habari za ajali zao, usingizi hunipotea.

Siku hizi wanapita waendesha baiskeli wa matembezi. Wanaingia kwa mpaka wa Kasesya kutoka Zambia, wanapita Matai na Sumbawanga, wanaendelea Mpanda hadi Kigoma, baiskeli zao nyepesi zenye gia nyingi. Na vijana wetu wa hapa mjini nao wameanza kutoka Jumamosi kwa mazoezi. Wengi wanashika lami moja kwa moja na kupita bila kuiona Ufipa. Wakinikuta barazani nawaelekeza hivi. Laela nendeni kabla ya mapambazuko, mrudi na upepo mchana. Namanyere nendeni mchana, mlale Chala mkirudi, wala msishindane na upepo kwa siku moja. Malungu ulizeni wazee wa kijiji kwanza, msiyapande wala kuyagusa kwa nguvu, udongo wake umechoka. Mbizi kingeni maji kwa kopo, mnawe mbali na chemchemi. Kabla ya kushuka Muze kagueni pini za breki, zote mbili, kwa mkono siyo kwa macho, na kwenye kila kona pigeni kengele, kwa sababu hadi leo kuna watu wanapanda na samaki.